Kutoka Mombasa hadi Lenana: ratiba ya Nairobi haitufai

Matangazo ya safari za Mlima Kenya yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mombasa mara nyingi yana ratiba moja: siku nne, kulala mara tatu. Unaingia lango la Sirimon, unalala banda la Old Moses, kesho yake banda la Shipton's, halafu unaamshwa usiku wa manane kupanda kilele cha Point Lenana. Ratiba hiyo haikutungwa kwa nia mbaya. Imewafikiria watu wa Nairobi, ambao kila siku wanalala mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Likoni, Kisauni au Changamwe analala mita chache tu juu ya maji. Akiifuata ratiba hiyo, mwili wake utapandishwa zaidi ya mita 4,000 kwa siku mbili tatu. Hapo ndipo watu wa pwani wanaporudishwa njiani wakitapika, kisha wanaambiwa hawakufanya mazoezi ya kutosha.

Mazoezi hayahusiki hapo. Kijana anayekimbia Nyali hadi Bamburi kila asubuhi anaweza kuumwa na mwinuko kuliko mama asiyekimbia kabisa, tena wakati mwingine yeye ndiye anayeumwa zaidi, kwa sababu miguu yake inamruhusu kupanda haraka kuliko mapafu na damu vinavyoweza kuzoea. Oksijeni hewani ni ile ile asilimia 21, Mombasa na kileleni. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, ile nguvu inayoisukuma oksijeni iingie kwenye damu. Ukilinganisha na Mombasa, Nairobi kanieneo iko kama asilimia 82, Old Moses 67, Shipton's 60, na Lenana kwenye mita 4,985 imebaki kama 55. Mwili una njia zake za kuzoea: unapumua kwa kasi zaidi, figo zinarekebisha hali ya damu, baadaye chembe nyekundu zinaongezeka. Lakini hizo ni kazi za siku na majuma, na hakuna namna ya kuzifanya ukiwa hapa chini. Kwa hiyo kitu cha kupanga kwanza si bei wala tarehe. Panga utalala wapi kila usiku, na ni mita ngapi.

Kanuni wanayoitumia madaktari wa milimani ni hii: ukishapita mita 3,000, usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mahali pamoja mara mbili. Mchana unaweza kupanda juu zaidi kisha ukashuka. Kinachohesabiwa ni pale unapolaza kichwa. Sasa tazama ratiba ya siku nne: Old Moses iko mita 3,300, Shipton's 4,200. Mita 900 kwa usiku mmoja.

Ratiba inayomfaa mtu wa pwani ni ya kulala mara saba nje ya nyumba yake. Usiku wa kwanza Nanyuki, mita 1,950 hivi. Wa pili pale pale lango la Sirimon, mita 2,650, kwenye mabanda ya KWS, shirika la wanyamapori, au kwenye hema lako. Wa tatu Old Moses. Kutoka langoni ni kilomita 9 za njia ya gari, na kwa mwendo wa polepole ni kazi ya muda wa saa tatu au nne. Wa nne Old Moses tena. Mchana wa siku hiyo usikae bure bandani: panda hadi mita 3,700 au 3,800, kaa huko muda wa saa moja, kula tende, shuka. Wa tano Liki North, mita 3,990 (inazidi zile mita 500, ndiyo maana Old Moses umelala mara mbili), penye kijumba kidogo kisicho cha kutegemewa, kwa hiyo hema ni lazima. Wa sita Shipton's. Mwendo wa siku hiyo ni mfupi na ni vizuri uwe mfupi. Asubuhi ya siku ya saba unapanda Lenana na siku hiyo hiyo unateremka hadi Old Moses kulala. Siku ya nane uko Nanyuki, na jioni unaweza kufika Nairobi.

Ikibidi ukate siku moja kwa sababu ya pesa au likizo, kata ule usiku wa langoni. Usikate usiku wa pili wa Old Moses, wala ule wa Liki North. Waongozaji wengine hawapendi kulala Liki North kwa sababu hakuna jiko la banda na maji yanatoka mtoni. Mkubaliane jambo hilo kabla ya kulipa, si mkiwa njiani. Kila siku ya ziada ina ada yake ya hifadhi, pamoja na ujira wa mwongozaji na wapagazi, na hapo ndipo wengi wanapobana. Bana kwingine. Anayeshushwa Shipton's usiku wa manane amelipa safari nzima na kilele hajakiona.

Njia tatu, na kwa nini Sirimon

Wapandaji wengi hupita moja ya njia tatu. Naro Moru ndiyo fupi, na kwa ufupi huo huo ndiyo mbaya kwetu: Met Station iko mita 3,050 na kituo kinachofuata, Mackinder's, mita 4,200. Katikati pana mteremko wa tope na mafundo ya majani ambapo mguu unazama hadi kwenye goti msimu wa mvua. Itumie kushukia ukitaka, usiitumie kupandia.

Chogoria, upande wa mashariki, ndiyo njia nzuri kuliko zote kwa macho, na ngazi zake za kulala zinamfaa mtu wa pwani hata kuliko Sirimon: lango mita 2,950, Ziwa Ellis karibu 3,450, Ziwa Michaelson chini ya kuta za bonde la Gorges karibu 4,000, halafu kambi ya Mintos juu yake. Shida ni barabara. Kutoka mji wa Chogoria hadi langoni ni kama kilomita 30 ndani ya msitu, na mvua ikinyesha hata gari la magurudumu manne huteleza pembeni. Tena huko juu ni mahema mwanzo hadi mwisho. Mkiwa kundi lenye mahema yenu, gari madhubuti na msimu mkavu, chagueni Chogoria bila kusita. Kwa wanaosafiri kwa matatu, Sirimon ina lami hadi karibu, na lango liko kama kilomita 25 tu kutoka Nanyuki ukifuata barabara ya Meru.

Batian (mita 5,199) na Nelion (5,188) ni vilele vya kamba na mwamba. Havimo katika mpango huu. Lenana ndicho kilele cha watembea kwa miguu.

Tarehe

Miezi mikavu ni Januari na Februari, kaskazi ikiwa imetulia, kisha Julai hadi Septemba. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huko juu ni theluji, ukungu na mawe yanayoteleza. Wenye watoto wa shule au walimu wana nafasi moja tu nzuri, likizo ya Agosti, kwa sababu likizo za Aprili na Desemba zinaangukia mvua. Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inachukua sehemu ya Februari. Kupanda huku umefunga ni kujinyima maji mahali ambapo mwili unayataka zaidi, kwa hiyo wafungao wachague Januari au Agosti. Na kwa kuwa swali hili huulizwa: kibla huko ni karibu kaskazini kamili, ikielekea mashariki kidogo. Ukiwa Shipton's vilele vikuu viko upande wa kusini, basi ukiupa mlima mgongo umekaribia. Maji ya asubuhi huwa yameganda. Weka lita moja ndani ya begi la kulalia au chemsha mapema kwa ajili ya udhu.

Afya, na mambo ambayo mpanga safari wa bara hakuulizi

Kwanza selimundu, yaani sickle cell. Pwani yetu ina watu wengi wenye ugonjwa huu na wengine wengi wanaobeba kinasaba kimoja bila kujua. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande kabisa. Mwenye kinasaba kimoja kwa kawaida anaishi bila shida yoyote, lakini kwenye upungufu wa oksijeni bandama lake linaweza kukosa damu, na dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu. Kama kuna mtu wa ukoo aliye na ugonjwa huo, pima damu kabla ya kulipa chochote.

Pili malaria. Vimelea hukaa mwilini siku saba hadi kumi na nne au zaidi kabla ya homa kuanza, kwa hiyo mbu aliyekuuma Mtwapa anaweza kukulaza Shipton's. Kichwa kuuma, kutapika na kulegea ni dalili za malaria na pia ni dalili za mwinuko. Hapo ndipo watu wanapokosea. Kinachotenganisha ni joto la mwili: ugonjwa wa kawaida wa mwinuko hauleti homa kali. Beba kipimajoto, ni kitu kidogo. Ukiona homa, shuka ukapimwe Nanyuki, na mwambie mhudumu kwamba umetoka Mombasa, maana Nanyuki si mji wa malaria na huenda asifikirie.

Tatu, wapiga mbizi. Wale wanaozama kwa mtungi wa hewa, kwa kazi au kwa watalii, waache muda usiopungua saa 24 baada ya kuzama kwa mwisho ndipo waianze safari ya kwenda bara. Nairobi yenyewe tayari ni juu kwa damu iliyojaa naitrojeni.

Kuhusu dawa: asetazolamidi, inayouzwa kwa jina la Diamox, huusaidia mwili kuzoea haraka. Kipimo cha kinga kinachotumika sana kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitawasha na utakojoa mara nyingi, hiyo ni kawaida. Asiyepatana na dawa za salfa, mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo wasiimeze bila daktari. Muone daktari ukiwa bado Mombasa, umeze kidonge kimoja nyumbani uone mwili unavyoitikia. Dawa hii haifidii ratiba mbovu.

Miraa na muguka viache chini. Vinafukuza usingizi na njaa, vinaupandisha mwendo wa moyo, na vinaficha uchovu ambao mwongozaji anahitaji kuuona usoni mwako. Pombe na vidonge vya usingizi navyo vivyo hivyo: vinapunguza kupumua usiku.

Mkiwa juu, kila jioni mwongozaji amwulize kila mtu maswali manne: kichwa kinauma? umekula? umelalaje? unatembea sawa? Kichwa kinachoisha kwa maji na Panadol, na hamu ya kula ipo, si taabu. Lala pale pale na usiongeze mita. Kichwa kisichosikia dawa, pamoja na kutapika, maana yake ni kushuka. Halafu kuna dalili mbili zisizongoja asubuhi. Ya kwanza ni kuyumba: mwambie mtu atembee kwa kugusisha kisigino cha mguu mmoja na vidole vya mwingine kwenye mstari ulionyooka, hatua kumi. Akishindwa, ubongo unavimba. Ya pili ni kuhema huku amekaa tu, kikohozi cha majimaji, wakati mwingine povu lenye rangi ya waridi; mapafu yanajaa maji. Wote hao wanashushwa usiku huo huo, kwa tochi, angalau mita 500 hadi 1,000, hata kama wao wenyewe wanasema wako sawa. Mtu mwenye uvimbe wa ubongo mara nyingi husema yuko sawa.

Mazoezi na viatu

Miguu inataka ngazi na miteremko, na kisiwa chetu ni bapa. Ngazi za ghorofa zinatosha kwa siku za kazi: panda na kushuka dakika 40 ukiwa na begi la kilo 6, mara tatu kwa juma, kwa miezi miwili. Mwisho wa juma nenda Shimba Hills uteremke hadi maporomoko ya Sheldrick na kupanda tena. Mara moja au mbili nenda Taita: Kasigau ina mita 1,641 na unaipanda kutoka tambarare, Vuria ina 2,208. Milima hii inakuza mapaja na kukufundisha viatu vyako. Haikuzoeshi mwinuko, kwa kuwa mwili hauanzi kazi hiyo kwa uzito hadi karibu mita 2,500.

Viatu vinahitaji maneno zaidi, kwa sababu unyevu wa Mombasa unaviua kimyakimya. Buti nyingi za mlima zina soli ya katikati ya povu la poliyurethani. Povu hilo likikaa miaka kwenye joto na hewa ya maji, linaoza kutoka ndani hata kama kiatu hakijavaliwa. Juu kinang'aa, ngozi nzima, kamba nzima. Siku ya pili mlimani soli inachomoka kama mkate uliolowa chai. Ukinunua Kongowea au kwingine kokote kwenye mitumba, shika kiatu mkono mmoja, bonyeza ukucha wa dole gumba kwenye lile tabaka la povu juu kidogo ya mpira wa chini. Povu zima hurudi lenyewe. Lililooza hubaki na alama, au hutoa unga, au utaona nyufa nyembamba kama nywele ukikikunja kiatu. Rudisha hata kama kinauzwa bei ya kutupa. Ulichokichagua kivae angalau kilomita 50 kabla ya safari, na bado ubebe gundi, waya mwembamba na utepe mpana wa kufungia.

Nguo, nazo, Kongowea zipo. Geuza kila nguo usome lebo. Ikiandikwa pamba pekee, weka chini: pamba ikilowa jasho haikauki huko juu na inaunyonya mwili joto. Unataka poliesta, sufu au nailoni. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo Shipton's usiku ni chini ya sifuri, na Lenana alfajiri ni baridi zaidi tena kuna upepo. Kinachofanya kazi ni matabaka: fulana ndefu ya ndani inayokamata mwili, flisi, koti nene lenye manyoya au pamba bandia, na juu yake koti la mvua. Koti la mvua ligeuze ndani nje. Mishono inatakiwa iwe imezibwa kwa utepe mwembamba, na kitambaa cha ndani kisiwe kinabambuka vipande vyeupe kama ngozi iliyoungua jua. Kikibambuka, maji yatapita. Suruali ya mvua watu huisahau, kisha hutembea na mapaja yaliyoganda. Ongeza glavu jozi mbili, kofia ya sufu inayofunika masikio, soksi nene tatu, miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua. Weusi wa ngozi hauzuii midomo na pua kuungua kwenye mwinuko ule, juu ya ikweta.

Begi la kulalia ni bora kukodi Nanyuki au Nairobi kuliko kununua la bei rahisi. Lebo huwa na namba mbili: joto la kulala vizuri na joto la mwisho la kuvumilia. Soma ile ya kwanza, nayo iwe nyuzi 5 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo. Chini yake weka godoro la povu, kwani ardhi inanyonya joto kuliko hewa. Simu na betri za tochi ya kichwani lala nazo ndani; baridi inazimaliza hata zikiwa zimezimwa.

Chakula na moto

Kwenye mita 4,200 maji yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi. Maharagwe hayaivi, na wali utamaliza gesi huku kiini kikiwa kigumu. Panga tambi, uji, viazi vilivyokatwa vidogo, mayai, supu, chapati zilizopikwa tayari. Kutoka nyumbani beba tende, korosho, kashata za njugu na tangawizi ya chai. Hamu ya kula hupotea huko, na vitu vitamu vya kutafuna kidogokidogo ndivyo vinavyoingia. Maji ni lita 3 hadi 4 kwa siku. Ya mtoni yachemshwe au yatiwe dawa.

Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, pamoja na vikombe, sahani na mirija ya namna hiyo. Beba chupa mbili imara za lita moja moja. Nguo ziweke kwenye mfuko wa turubai usiopitisha maji ndani ya begi. Moto wa kuni hauwashwi. Yale majani makavu yanayoning'inia kwenye shina la senesio kubwa ni blanketi la mti wenyewe dhidi ya baridi ya usiku, usiyachune. Pimbi wa Shipton's wamezoea watu na watafungua begi lililoachwa wazi; fungia chakula mbali nao, wala usiwalishe.

Usafiri, ada na siku ya kilele

Treni ya SGR kutoka Miritini hadi Nairobi inachukua muda wa saa tano hadi sita. Mizigo inakaguliwa, na gesi na visu havipiti, kwa hiyo mitungi ya gesi nunua Nairobi au Nanyuki na kisu kodi pamoja na vyombo vya jikoni. Panda treni ya asubuhi. Ukishuka Syokimau mchana utaingia mjini kwa treni ndogo, uchukue matatu ya Nanyuki maeneo ya River Road, na baada ya kilomita 200 hivi uwe umefika usiku. Ukisafiri kwa treni ya usiku unaanza safari ukiwa hujalala, na usingizi uliokosekana unalipiwa juu.

Ada za KWS hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu langoni. Raia atoe kitambulisho, la sivyo atatozwa kama mgeni. Ada huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo jaza siku zote za ratiba ndefu tangu mwanzo. Vitanda vya Old Moses na Shipton's si vya KWS, vina malipo yake tofauti na huwekwa mapema. Usiende peke yako. Chukua mwongozaji mwenye kitambulisho cha KWS na uombe kukiona. Kwa kila mpagazi panga mzigo wa kilo 12 hadi 15, na uhakikishe ana koti na viatu kabla hamjatoka Nanyuki. Asiye navyo akiganda, ni ninyi mliomwajiri.

Kilele: waongozaji watataka mtoke Shipton's saa tisa usiku ili jua liwakute Lenana karibu saa kumi na mbili na nusu. Kuna faida moja ya kweli, changarawe ile ndefu ya mteremko huwa imeganda na miguu hairudi nyuma. Kwa mtu wa pwani naona hasara ni kubwa zaidi: saa tatu za kiza, upepo na baridi ambayo hajawahi kuiona maishani mwake. Tokeni saa kumi na moja alfajiri. Jua litawakuta njiani kuelekea kijiziwa cha Harris Tarn, mtafika juu kabla ya saa nne, na mawingu kwa kawaida huanza kupanda kuelekea adhuhuri. Karibu na kilele kuna vyuma vilivyopigiliwa kwenye mwamba. Asubuhi vina barafu, vishike kwa glavu kavu, mtu mmoja mmoja. Hatua moja, pumzi moja. Anayeshindwa kuongea sentensi nzima anakwenda haraka mno. Wekeni saa ya kugeuka, saa nne na nusu, popote mtakapokuwa.

Kurudi, tiketi ya treni ikate siku moja baada ya ile unayotarajia kufika Nairobi. Mkishuka kwa mujibu wa ratiba, mtalala Nanyuki usiku mmoja zaidi na kuoga maji ya moto. Mkichelewa kwa mvua au kwa kumteremsha mgonjwa, treni bado inawangoja. Viatu vioshe tope huko huko Nanyuki, vikauke kivulini, na ukifika nyumbani usivifungie kabatini.